Jinsi ya kutengeneza daiorama ya wapagazi wakiburuta mzinga wa Königsberg, kwa takataka za nyumbani tu

Kabla hujampa mtu wa skrepa ile redio mbovu iliyokaa juu ya kabati miaka yote, ng'oa antena yake weka pembeni. Hiyo ndio mzinga wetu. Vingine utavipata jikoni, chooni na kwenye kandambili iliyokatika mkanda, nitavitaja tukifika.

Ninachotaka tutengeneze ni daiorama, yaani mfano mdogo wa tukio uliopangwa juu ya ubao, na tukio lenyewe ni la vita ya kwanza ya dunia huku kwetu, mwaka 1916 hivi, wapagazi wanaburuta mzinga wa meli kwenye matope porini. Kwa asiyejua, Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani, Septemba 1914 ikaizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, alafu ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikakaa humo miezi mpaka Julai 1915 Waingereza walipoleta meli mbili za kimo kifupi, Severn na Mersey, zikaimaliza. Wajerumani wakaitoboa wenyewe ikalala kwenye tope. Ila mizinga yake 10 wakaiopoa, ikapelekwa Dar kwenye karakana ya reli ikafungiwa magurudumu, ikaingia vita vya nchi kavu. Sasa fikiria mzinga uliotengenezwa kukaa juu ya sitaha ya meli unapita Kahe, unapita Kondoa, hakuna barabara na masika imefungulia. Nani aliuvuta? Watu. Kwa kamba.

Ndio maana nasema daiorama hii usiifanye ya askari. Nimeona kazi nyingi za watu, askari kumi wamejipanga wanalenga bunduki, mpagazi labda mmoja nyuma kule na kiboksi kichwani kama pambo. Ukweli wa vita ile ni kinyume, kwa kila askari kulikuwa na msururu wa wabeba mizigo, Waingereza peke yao walikusanya mamia ya maelfu na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao ugonjwa na njaa ndio viliwamaliza kuliko risasi. Jina la Kariakoo limetoka hapo hapo, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ikapita kwenye midomo yetu, na Nairobi nako kuna Kariokor. Kwahiyo kwenye meza yetu watu 9: wapagazi 7, askari 1, na mmoja aliyeanguka. Nitaeleza kwanini aanguke.

HESABU KWANZA, NI RAHISI

Skeli tunatumia 1:35. Maana yake kila kipimo halisi unagawa kwa 35, basi, kalkuleta ya simu inatosha. Mtu wa mita 1.70 anakuwa sentimita 4.9. Bunduki ya mita 1.25 inakuwa sentimita 3.6. Mzinga wenyewe ulikuwa wa sentimita 10.5 mdomoni na urefu wake ni mara 40 ya huo mdomo, yaani mita 4.2, gawa kwa 35 unapata sentimita 12 kamili. Andika namba hizi kwenye karatasi bandika ukutani, maana ukianza kukisia kwa macho utakuja kupata mpagazi mrefu kuliko gurudumu la trekta na hutajua ulikosea wapi.

Na hapo hapo utaona kwanini mbuyu mzima hauwezekani. Mbuyu wa mita 20 ni sentimita 57, huo ni mti wa kuangusha meza. Ukiutaka weka kipande cha shina tu nyuma, watu wataelewa.

UWANJA

Chukua ubao au boksi gumu la sentimita 40 kwa 30. Kama ni boksi, bandika tabaka tatu na mistari ya ndani ipishane, moja ilale moja isimame, la sivyo likilowa gundi linajikunja kama papadi. Juu yake weka lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV, unene wa sentimita 3 unatosha, lichonge kwa kisu cha jikoni chenye meno. Njia ipite kwa mshazari kutoka kona hadi kona, usiiweke sambamba na ukingo, ikiwa sambamba inaonekana kama barabara ya mjini. Upande mmoja wa njia uwe juu kidogo, mwingine uteremke.

Hapa nitoe tahadhari maana mimi iliniuma. Povu hili na supagluu haviivani, gundi inalila linabaki shimo, na rangi ya kupulizia ndio kabisa. Kazi yangu ya kwanza nilipuliza rangi ya kahawia usiku nikalala na furaha, asubuhi nakuta bonde la ufa. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, alafu kabla ya kitu chochote funika povu lote kwa vipande vya gazeti vilivyochovywa kwenye gundi na maji nusu kwa nusu, tabaka mbili, acha zikauke siku nzima. Baada ya hapo uko salama kiasi.

Watu watakwambia tumia uji wa ngano badala ya gundi, ni bure. Kweli ni bure, na mende nao wanajua ni bure.

Udongo: chota udongo wa nje, mwekundu ukiupata ni bora zaidi, uchekeche kwa chujio la chai ambalo mama hatalitafuta tena, alafu ukaange kwenye kikaango kikavu dakika kama kumi. Usicheke, usipoukaanga mayai ya wadudu yanaanguliwa humo na baada ya wiki mbili una daiorama yenye wanyamapori halisi. Changanya na gundi nyeupe, maji, na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, hilo tone linafanya maji yapenye vizuri badala ya kusimama juu kama matone kwenye jani la mgomba. Paka njia yote, ila USIIKAUSHE bado. Tutarudi.

MZINGA

Antena ya redio ukiivuta inatoka kwa vipande vinavyopungua unene, kimoja ndani ya kingine, na mzinga wa meli ulikuwa hivyo hivyo, mnene nyuma na unapungua kwenda mbele. Kile kipande cha mwisho chembamba kabisa chenye kidude kichwani king'oe kwa plaizi. Tundu linalobaki ndio mdomo. Kwenye antena yangu tundu lilikuwa kama milimita 3, sasa chukua 10.5 gawa kwa 35 uone inakuja ngapi. Nilipopiga ile hesabu nilicheka peke yangu sebuleni, ni kama Mjerumani na fundi wa redio walikaa kikao.

Rekebisha vipande mpaka jumla iwe sentimita 12, weka tone la supagluu kila kiungo visiteleze. Kama huna antena, zungusha karatasi ya daftari iliyopakwa gundi kwenye kijiti cha mshikaki, alafu ongeza vipande vifupi vifupi upande wa nyuma mpaka unene ufike milimita 8 hivi. Inakubali, ila kuichonga msasa inachosha.

Nyuma kabisa ya mzinga, pale wanapoingizia kombora, weka kipande cha kandambili kilichokatwa mraba, sentimita 1 kila upande. Mpira wa kandambili unakatika safi kwa wembe mpya, ukitumia wembe butu unachanika. Ubavuni bandika kijiti kifupi cha kiberiti kama mkono wa kufungulia.

Kitako cha mzinga ndio sehemu ya kukaa nayo. Miguu miwili mirefu ya nyuma ni vijiti vya mishikaki, sentimita 8 kila kimoja, vinaanza vimeachana mbele vinakutana nyuma. Katikati yake jaza kwa kadi ya boksi la dawa ya meno. Alafu vaa "chuma" juu: kata kopo la soda kwa mkasi (polepole, kingo zake ni wembe mtupu, shika na kitambaa), linyooshe kwa kulisugua na kijiko juu ya meza, likate vipande vya kufunika ile kadi. Ukitaka ribiti, zile pini za kuungia mabati, pindua kipande upande wa ndani na bonyeza kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino, nukta nukta kwa mstari, ukigeuza zinakuwa vichwa vya ribiti. Hii ndio mbinu ninayoipenda kuliko zote na ni bure kabisa.

Magurudumu nimetumia vifuniko vya madumu ya maji vya sentimita 4 na kitu. Toboa katikati, kata sehemu ya juu yote ibaki ringi, alafu weka njiti za kiberiti 12 kutoka katikati kwenda kwenye ringi. Chora kwanza saa ya ukutani kwenye karatasi, laza ringi juu ya mchoro na fuata namba za saa, ndio zinakaa sawa. Kitovu ni kifungo cha shati. Kazi hii ya magurudumu itakula jioni mbili, usiiharakishe, gurudumu lililopinda linaonekana hata na mtu asiyejua chochote.

Rangi ya mzinga ni kijivu, ulitoka kwenye meli, ila umetembea. Mabaki ya rangi nyeupe ya ukuta ukichanganya na masizi ya mkaa uliosagwa unapata kijivu kizuri kisichong'aa. Ikikauka, saga ncha ya penseli iwe unga, chovya kidole, sugua kwenye kingo na kwenye ribiti, hapo hapo bati la soda linageuka chuma cha tani kadhaa. Kutu ni unga wa ule udongo mwekundu kwa maji kidogo, pembeni ya viungo tu. Usipake kutu kila mahali, huu mzinga ulikuwa unatumika, haukuwa umelala kwenye jumba la makumbusho. Mmoja ambao umelala kweli upo Fort Jesus Mombasa, ukipata safari kapige picha pande zote, hasa nyuma, maana picha nyingi mtandaoni wanapiga ubavu tu.

WATU

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa wanaenda kununua midoli ya plastiki. Usikate tamaa, ukijua siri ya mkao sura haina kazi kubwa.

Mifupa: tafuta kebo ya intaneti iliyokatika, ichane, ndani kuna nyaya 8 nyembamba za shaba. Kata waya sentimita 12, ukunje katikati, pale ulipokunja ndio shingo, sokota mara nne tano ndio kiwiliwili, ncha mbili zinazobaki ndio miguu. Waya mwingine mfupi upite mabegani ndio mikono. Kutoka kisigino hadi utosi usizidi ile 4.9, na kumbuka kichwa kitaongeza milimita 6, kwahiyo waya uishie kwenye 4.3.

Kichwa. Nilianza na mbaazi kavu, saizi yake ni kamili kabisa, nikajiona mjanja. Baada ya mwezi askari wangu akawa na tundu kwenye paji la uso na fukusi anatoka ndani anatembea begani. Tumia shanga ya milimita 6, tena ina tundu tayari la kupitisha waya.

Nyama ya mwili ni karatasi ya chooni. Chana vipande vyembamba, chovya kwenye gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, zungushia kwenye waya kama unamfunga mtu bendeji, mapajani na mabegani zaidi, vifundoni kidogo. Ikiwa bado mbichi bonyeza kwa kijiti cha meno utengeneze misuli ya mgongo, maana wengi wa watu wetu watakuwa kifua wazi na mgongo ndio utaonekana. Acha ikauke, ongeza tabaka. Tatu zinatosha. Uso gusa tu, pua kwa tone la gundi, macho usichore kabisa, kwenye skeli hii ukichora macho kila mtu anaonekana ameona jini.

Sasa mkao, na hapa nitakaa kidogo. Mtu anayevuta kitu kizito hasimami wima akanyoosha mikono, hiyo ni picha ya watoto wanaocheza kuvutana kamba. Mtu anayevuta mzigo anaegemea mbele mpaka ukimwondolea kamba angeanguka kifudifudi. Kamba inapita begani, mkono mmoja umeishika karibu na kifua, mwingine uko huru au umeshika goti. Mguu wa nyuma umenyooka kabisa, wa mbele umekunjwa. Kichwa chini, anatazama anapokanyaga. Nenda asubuhi sokoni kaangalie wavuta mikokoteni wakipanda mlima na gunia kumi, kaa pale dakika ishirini, utajua kila kitu, hakuna picha ya kwenye simu itakayokufundisha kama pale.

Wanne wawe kwenye kamba hivyo, ila wasifanane, mmoja amechoka amepinda zaidi, mmoja anageuka nyuma. Wawili wako kwenye magurudumu, wameshika njiti za gurudumu wanalizungusha kwa mikono, magoti kwenye tope. Wa saba ameshika gogo, anasubiri gurudumu lisogee aliweke nyuma lisirudi. Na yule aliyeanguka, wa nane, yuko mbele ya gurudumu la kushoto, ameteleza, mkono mmoja chini anajiinua. Huyo ndiye anayefanya picha nzima itembee, kwasababu jicho la mtazamaji linamwona yeye, alafu linaona gurudumu, alafu linapanda kwenye kamba kuangalia kama hawa wengine wamejua. Ukimtoa una watu wanafanya kazi. Ukimweka una kitu kinataka kutokea.

Wa tisa ni askari, amesimama pembeni upande ule wa juu. Mimi nilimpa mgongo kwa mzinga, anaangalia porini. Wengine wangemwekea kiboko mkononi, ni uamuzi wako.

Nguo za wapagazi ni merikani, ile pamba nyeupe ya bei nafuu iliyokuwa imeenea kote, na baada ya wiki kadhaa porini weupe umekwisha. Usihangaike kutafuta kitambaa. Mfuko wa chai uliotumika, utoe majani (yatunze), ukaushe, kata kipande, chovya kwenye gundi, mfunge kiunoni. Rangi tayari ipo, ni ile ile ya nguo iliyolowa na kukauka mara mia. Miguu peku wote.

Askari wa Mjerumani ni kaki, tarbushi lililofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande kinachoning'inia kufunika shingo, na miguuni vitambaa vya kuzungushia kutoka kifundo mpaka chini ya goti. Tarbushi ni kipande cha mrija mnene wa juisi, milimita 4 kwenda juu, ujaze karatasi iliyolowa gundi. Vya miguuni ni mkanda mwembamba wa karatasi ya chooni, zungusha kutoka chini kwenda juu. Watu wengi wa Dar wanachukua mfano kwenye sanamu ya Askari pale Posta, ile ni sanamu nzuri ya shaba ipo tangu 1927, ila ni askari wa upande wa Mwingereza, ukiiga nguo zake ukampa mzinga wa Mjerumani wajuzi watakuchapa. Kwa mpagazi nenda ile ya Nairobi, Kenyatta Avenue, kati ya wale watatu mmoja ni mpagazi.

Bunduki ni kijiti cha mshikaki kilichochongwa kwa wembe upande mmoja kiwe bapa, kipande cha waya juu yake ndio mtutu, mkanda ni uzi mweusi.

Rangi ya ngozi usipake wote kutoka kwenye kifuniko kimoja. Changanya kahawia na nyeusi kwa mmoja, kahawia na nyekundu kidogo kwa mwingine, watu hawa walitoka kila pembe ya nchi. Ikikauka gusa mabega na migongo kwa rangi ile ile iliyoongezwa tone la njano, na mwisho kabisa rangi ya kucha isiyo na rangi, nyembamba sana, kwenye mgongo tu. Hilo ndio jasho. Kaki ni njano, nyeupe na kahawia kidogo, usitumie bizari kutia njano, inapendeza siku ya kwanza alafu jua likiipiga inapauka yote.

KUUNGANISHA, NA MATOPE

Lile tope kama limekauka paka tabaka jipya, unene wa milimita 3 hivi. Weka mzinga ukiwa na magurudumu, ubonyeze mpaka magurudumu yazame kwenye tope, alafu urudishe nyuma ya njia kama ulikotoka, uuburute polepole mpaka mahali pake. Michirizi inayobaki nyuma ni ya kweli kabisa, hakuna haja ya kuichonga. Miguu ya watu iingize kwenye tope, kila unyayo uache waya milimita 5 chini ya kisigino uchome povu, ndio watasimama. Kwa kijiti piga nyayo nyingi mbele yao, nyingi kuliko watu unaowaona, maana yake utaiona sasa hivi.

Kamba. Nyuzi za katani kutoka kwenye gunia, sokota mbili pamoja, zipake gundi. Funga kwenye mzinga, pitisha mabega ya wale wanne, na USIIISHIE hapo. Iendelee mpaka ukingo wa ubao, itoke kidogo, ikate. Mtazamaji ataona kamba inaendelea na nyayo zinaendelea, atajua mbele huko kuna watu wengine hamsini ambao hukuwa na haja ya kuwatengeneza. Ndio kwanini nilisema watu 9 wanatosha.

Kamba lazima iwe imekaza kama waya wa gitaa. Ikilegea hata kidogo uzito wote unakufa, mzinga unakuwa mwepesi kama antena ya redio, ambayo ndio ilivyo. Ivute, ishikilie na pini ya nguo pale ukingoni, paka gundi nyingine, acha usiku kucha ndio utoe pini.

Maji kwenye michirizi ya magurudumu: rangi ya kucha ile ile, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke. Hakikisha povu halijaachwa wazi mahali hapo, itaingia ichimbe. Gundi nyeupe nayo inakuwa kama maji ikikauka ila kwa sisi wa pwani unyevu wake huu, masika ikifika inageuka maziwa.

Nyasi ni katani pia, chemsha na rangi ya chakula ya kijani, ikauke, kata sentimita 1 mpaka 2, chomeka vishungi vishungi. Zisiwe ndefu sawa. Vichaka ni dodoki la kuogea lililochanwa, na ukilikata bapa bapa ukapandisha kwenye kijiti chenye matawi unapata mgunga, kabisa kabisa, mpaka ule mwavuli wake. Yale majani ya chai uliyoyatoa kwenye mifuko mwaga chini ya vichaka, ni majani makavu ya porini. Kichuguu ni pembe moja ya trei ya mayai iliyolowekwa ikabondwa, ipake ule udongo. Mzigo uliotupwa kando ya njia, maboksi mawili ya kandambili yaliyovishwa njiti za kiberiti, yawekee sentimita 1.7 urefu. Kombora moja la mzinga huu lilikuwa kilo 17 hivi, kwahiyo ukipenda weka mawili matatu ya vijiti vya pamba ya masikio, ndio unene wake. Na tafadhali, vya kutengeneza tu, kama kwenu shambani kuna chuma cha zamani cha vita usikiguse kwa ajili ya daiorama, muite polisi.

PICHA

Tope likikauka linapauka, usishtuke, gusa tena kwa brashi yenye maji ya udongo pale magurudumu yalipozama na magotini kwa wale wawili. Kila mtu awe na tope mpaka anapostahili: peku mpaka magotini, aliyeanguka mpaka kifuani, askari vidole tu.

Toa nje saa kumi jioni, jua likiwa limelala. Weka nyuma kadi ya samawati iliyopauka au ukuta wowote usio na maandishi. Alafu usipige kwa juu kama unapiga chakula, ukipiga kwa juu utapata migongo na utosi na karatasi ya chooni itajulikana. Geuza simu kichwa chini ili kamera iwe karibu na ardhi, sentimita 5 tu, urefu wa macho yao, simama pale mbele ambapo kamba imekatika. Kutoka hapo wote wanakuja kwako.

Ukimaliza funika kwa boksi la kioo au hata ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga. Vumbi unaweza kulitoa kwa brashi ya kunyolea ndevu, ila paka akipanda juu ya ile kamba, anza upya.